Wifi Yangu Anasema Tunda Likiliwa Baada ya Chakula Huoza Tumboni

SWALI

Ndugu Mshauri,

Pokea salamu zangu. Mimi ni mama wa mtoto mmoja wa miaka saba, na sasa nina ujauzito wa miezi mitano. Nyumbani tunaishi na baba mkwe, ambaye ana kisukari cha aina ya pili na hutumia pia dawa za shinikizo la damu na za kushusha lehemu. Tunaishi vilevile na wifi yangu mkubwa, ambaye anamhudumia baba yake kwa moyo wote na ndiye mwenye kauli ya mwisho jikoni.

Miezi michache iliyopita wifi alipokea kwenye simu ujumbe mrefu kuhusu saa za kula matunda. Ujumbe huo unasema kwamba tunda lazima liliwe asubuhi, tumbo likiwa tupu, kwa sababu likiliwa baada ya chakula hukwama juu ya kile chakula, likaoza na kugeuka sumu. Unaongeza kwamba tunda linaloliwa baada ya saa nane mchana hugeuka mafuta mwilini, na kwamba mwenye kufuata utaratibu huo hataugua.

Tangu siku hiyo sahani ya matunda tuliyozoea kula baada ya chakula cha jioni imeondolewa mezani. Baba hupewa kila asubuhi, kabla ya kula kitu kingine chochote, bilauri kubwa ya juisi ya machungwa au ya balungi pamoja na sahani ya matunda. Zamani kipimo chake cha sukari (kwa mmol/L) kikipanda sana baada ya kifungua kinywa kilikuwa 9. Siku hizi, muda wa saa mbili baada ya hayo matunda, kinasoma 13 na hata 14. Mwanangu huondoka kwenda shule alfajiri na hana hamu ya kula kitu saa hiyo, na akirudi huambiwa muda wa matunda umekwisha, hivyo siku nyingi hali tunda kabisa, na sasa analalamika kwamba choo ni kigumu. Mimi mwenyewe kliniki wameniambia damu yangu ni kidogo na wakanishauri nile matunda yenye vitamini C pamoja na mlo. Wifi anakataa katakata. Juu ya hayo, usiku ninasumbuliwa na kiungulia.

Naomba uniambie ukweli: ni saa gani nzuri ya kula matunda, na ni saa gani mbaya? Na nitamwambiaje wifi bila kumvunjia heshima, maana hafanyi haya kwa ubaya?

Mkamwana mwenye wasiwasi

JIBU

Dada yangu mpendwa,

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na nilichokiona ndani yake ni nyumba ya watu wanaopendana ambayo imepokonywa tunda na kanuni isiyo na msingi. Katika nyumba yenu wapo watu watatu ambao kila mmoja ana saa yake inayomfaa, na saa hizo hazifanani hata kidogo. Kwa hiyo sitakupa saa moja ya watu wote, kwa sababu haipo.

Tuanze na dai la kuoza, kwa kuwa ndilo lililoiondoa ile sahani mezani. Kitu huoza pale bakteria wanapopata nafasi na muda wa kukila. Tumbo ni mahali pabaya mno kwa bakteria wengi, kwa sababu kuta zake humwaga tindikali kali inayowaua wengi wa wale wanaoingia na chakula. Isitoshe, chakula hakikai tumboni kwa matabaka, tunda juu na wali chini. Misuli ya tumbo hukikanda na kukisaga hadi kiwe uji mmoja, kisha tumbo huuachilia uji huo kidogo kidogo kuingia kwenye utumbo mwembamba. Ni kweli kwamba tunda lililoliwa pamoja na mlo hukaa tumboni muda mrefu kuliko lililoliwa peke yake, kwa sababu mlo kamili huchukua muda wa saa kadhaa kuondoka wote. Lakini kuchelewa si kuoza, na kwa mtu kama baba mkwe huko kuchelewa ni faida, kama nitakavyokueleza.

Wazo la kutenganisha vyakula ni la zamani kuliko simu. Mwanzoni mwa karne ya 20 daktari Mmarekani aitwaye William Howard Hay alifundisha kwamba wanga na protini zisiliwe pamoja, na waliomfuata waliongeza masharti kuhusu matunda. Mwili haukubaliani na mafundisho hayo. Kongosho humwaga kwa pamoja vimeng'enya vya kuvunja wanga, vya kuvunja protini na vya kuvunja mafuta, na maziwa ambayo mtoto mchanga huanza nayo maisha yana sukari, protini na mafuta ndani ya tone moja. Kama mchanganyiko ungekuwa sumu, hakuna ambaye angevuka utoto.

Lipo hata hivyo jambo la kweli ambalo huenda ndilo linalowafanya watu waamini habari za kuoza: baadhi yao hujaa gesi wakila matunda. Sababu yake ni sukari ya fruktosi, ambayo utumbo wa watu wengine hauwezi kuifyonza kwa wingi, na sorbitoli, ambayo imo kwenye matufaha, mapeasi na plamu. Sukari hizo zisipofyonzwa huteremka hadi utumbo mpana, na huko ndiko bakteria huzichachusha na kutoa gesi. Jambo hili hutokea ama umekula tunda peke yake ama baada ya mlo, na linategemea zaidi aina ya tunda na wingi wake kuliko saa. Tena fruktosi hufyonzwa vizuri zaidi inapokuwa pamoja na glukosi, kwa hiyo mtu wa namna hiyo akibugia sahani nzima ya matufaha tumbo likiwa tupu anaweza kusumbuka kuliko yule anayekula nusu tufaha baada ya chakula. Mwenye kusumbuliwa apunguze kiasi na abadilishe tunda, asihangaike na saa ya ukutani.

Sasa nije kwa baba mkwe, ambaye hali yake ndiyo iliyonifanya nikujibu haraka. Kanuni iliyoletwa kwa nia ya kumponya imemwekea, kwa saa ileile moja, mambo matatu yanayopandisha sukari.

La kwanza ni saa yenyewe. Kuelekea alfajiri mwili wa kila mtu hutoa homoni zinazomwandaa kuamka, na ini humwaga glukosi kwenye damu. Mtu mwenye afya huongeza kidogo insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, na mambo yakaisha. Mwenye kisukari mara nyingi hawezi kufanya hivyo ipasavyo, na ndiyo maana wengi wao huamka sukari ikiwa tayari iko juu na huiona ikipanda kwa kasi baada ya kifungua kinywa kuliko baada ya mlo mwingine wowote. Kwa hiyo ile asubuhi inayosifiwa na ujumbe, kwa mtu kama baba, inaweza kuwa saa ngumu kuliko zote kupokea sukari nyingi kwa mkupuo.

La pili ni tumbo tupu. Mwaka 2015 watafiti wa New York walichapisha jaribio dogo lililohusisha watu 11 wenye kisukari cha aina ya pili. Watu hao walipewa mlo uleule katika siku mbili tofauti: siku moja walianza na mkate na juisi ya machungwa, kisha wakala kuku na mboga, siku nyingine walianza na mboga na kuku, wakamalizia na mkate na juisi. Chakula hakikubadilika, kilichobadilika ni mpangilio tu, na bado siku ya pili sukari ya damu ilikuwa chini kwa karibu asilimia 29 baada ya dakika 30, na kwa karibu asilimia 37 baada ya dakika 60. Watu 11 ni wachache, lakini matokeo hayo yanapatana na kile tunachokijua kuhusu tumbo: protini, mafuta na nyuzinyuzi zikitangulia, tumbo hufungua mlango wake polepole, na sukari inayofuata huingia kwenye damu kidogo kidogo. Ndiko kule kuchelewa nilikokutajia. Kile kinachoogopwa na wifi ndicho hasa anachokihitaji baba yake.

La tatu, na kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko yote, ni juisi. Bilauri kubwa huchukua machungwa matatu au manne, ambayo mtu asingeyala yote kwa kukaa mara moja, na nyuzinyuzi nyingi hubaki kwenye kamulio. Mwaka 1977 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha jaribio la Waingereza waliolinganisha tufaha zima, tufaha lililopondwa na juisi ya tufaha. Juisi ilinywewa kwa kasi ya mara 11 kuliko tufaha zima lilivyoliwa, ilishibisha kidogo zaidi, na iliulazimisha mwili kutoa insulini zaidi. Shirika la Afya Duniani nalo, linapoweka kikomo cha sukari, huihesabu sukari ya juisi pamoja na ile ya kuongezwa, wakati sukari iliyomo ndani ya tunda zima haliihesabu hata kidogo. Tunda zima ni rafiki wa mwenye kisukari, mradi kiasi kizingatiwe. Bilauri ya juisi kila alfajiri si rafiki yake.

Basi ningependa baba aanze kifungua kinywa kwa chakula chenye protini, kwa mfano yai au maharage, kisha amalizie na tunda moja zima la kadiri ya ngumi yake. Mengine ale baadaye mchana au baada ya chakula cha jioni, tunda moja kwa wakati, asiyalimbikize yote saa moja. Muwe waangalifu hapa: kama anatumia insulini au vidonge vinavyolisukuma kongosho kutoa insulini, msiikate juisi ghafla kabla ya kuzungumza na daktari wake, kwa kuwa dozi yake huenda iliongezwa kufuatia vipimo vya siku hizi, na sukari ikishuka mno ni hatari ya papo hapo. Ikitokea akatetemeka, akatokwa na jasho jembamba na kipimo kikasoma chini ya 4, hapo nusu bilauri ya juisi ndiyo dawa yake, iwe usiku wa manane au adhuhuri. Kwa hiyo juisi isiondolewe kabisa nyumbani.

Kuna neno umelitaja kama kwa kupita nami limenishtua, nalo ni balungi. Tunda hilo huzuia kimeng'enya cha utumbo kinachopunguza nguvu za dawa kabla hazijaingia kwenye damu, na matokeo yake ni kwamba dozi ya kawaida huweza kufanya kazi kama dozi kubwa mno. Tatizo hili liligunduliwa nchini Kanada na watafiti waliokuwa wakichunguza dawa ya shinikizo la damu iitwayo felodipini, na tangu hapo limethibitika kwa dawa nyingine kadhaa, zikiwemo baadhi ya zile za kushusha lehemu kama simvastatini. Hapa hakuna saa salama, maana athari ya balungi moja inaweza kudumu zaidi ya siku nzima; kumpa juisi asubuhi na dawa usiku hakumwokoi. Balungi lisitishwe leo, hata kama juisi ya machungwa inasubiri neno la daktari, na majina ya dawa zake zote yaonyeshwe kwa mfamasia. Mwulizeni pia daktari kama figo za baba zimepimwa karibuni, kwa kuwa kisukari cha miaka mingi huweza kuzidhoofisha, na mtu ambaye figo zake hazifanyi kazi vizuri hupangiwa matunda kwa kufuata wingi wa potasiamu, si kwa kufuata saa.

Na wewe, dada yangu, saa yako nzuri ni ileile uliyokatazwa. Madini ya chuma yaliyomo kwenye nafaka, maharage na mboga za majani mwili huyapokea kwa shida, tofauti na yale ya nyama. Vitamini C huyageuza yakawa katika hali rahisi kufyonzwa, lakini hufanya hivyo ikiwa vyote viwili vimekutana ndani ya utumbo kwa wakati mmoja. Chungwa ulilokula alfajiri halitayasaidia maharage ya mchana. Kwa hiyo kula chungwa, pera, papai au embe pamoja na mlo au mara tu baada yake, na chai au kahawa uisogeze mbele kwa muda wa saa moja au zaidi, kwa sababu huyazuia yale madini yasifyonzwe. Kama umepewa vidonge vya kuongeza damu, endelea navyo kama ulivyoelekezwa. Matunda huvisaidia lakini hayachukui nafasi yake.

Kiungulia chako kinahitaji marekebisho madogo tu. Mjamzito hulegea valvu iliyo juu ya tumbo, na mtoto anapokua hulisukuma tumbo hilo kwenda juu, hivyo tindikali hupanda kwa urahisi unapolala. Machungwa, ndimu na mananasi huweza kuongeza ukali wa maumivu hayo. Hayo yale mchana, na jioni chagua lisilo chachu kama ndizi mbivu au papai, umalize kula muda wa saa mbili hadi tatu kabla ya kulala. Hapa ndipo ninapokubali kwamba kuna saa mbaya: tunda chachu dakika chache kabla ya kujilaza ni baya kwa mwenye kiungulia. Ni baya pia kwa meno ya mtu yeyote asiyesafisha kinywa, kwa sababu mate hupungua sana usingizini na tindikali hubaki ikila meno. Ila usipige mswaki papo hapo baada ya chungwa. Sukutua kwa maji, ngoja nusu saa au zaidi ndipo uswaki. Na kipande kikubwa cha tikiti maji usiku kitakuamsha kwenda haja ndogo zaidi ya vile mimba inavyokuamsha, kwa kuwa karibu chote ni maji.

Mwanao naye ale tunda saa yoyote atakayolipokea. Akirudi shuleni na njaa yake, mpe tunda kwanza kabla ya kitu kingine, maana hiyo ndiyo saa ambayo mtoto hula bila kubembelezwa, na jioni ale tena pamoja nanyi. Dai la kwamba tunda la baada ya saa nane hugeuka mafuta si la kweli: mwili huweka mafuta pale chakula cha siku nzima kinapozidi kile kinachotumika. Ni kweli kwamba jioni mwili huishughulikia sukari kwa wepesi mdogo kuliko asubuhi kwa watu wasio na kisukari, lakini tofauti hiyo haitoshi kumnyima mtoto tunda. Choo kigumu kwa mtoto aliyeacha matunda hakinishangazi. Nyuzinyuzi na maji vikirudi, mengi hujirekebisha. Mwamshe pia mapema kidogo, apate muda wa kukaa chooni bila haraka baada ya kula au kunywa kitu cha vuguvugu, kwa sababu utumbo mpana huchangamka zaidi mtu anapoamka na anapokula. Akiendelea kuumia au ukiona damu, mpeleke akaonwe na daktari.

Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Ushauri huo hautaji saa. Mtu anayebanwa kula matunda yake yote ndani ya dakika 30 za alfajiri mara nyingi hafiki hapo, na mimi ninaona hilo ndilo dhara kubwa la ujumbe ule kwa watu wenye afya.

Kuhusu wifi, usimpinge mezani, na usimpinge mbele ya baba yake. Mtafute mkiwa wawili, umshukuru kwanza kwa jinsi anavyomtunza mzee, maana ni kweli na anastahili kulisikia. Kisha usimwambie kwamba ujumbe ule ni wa uongo. Mwonyeshe vipimo. Mwambie, "Dada, tangu tubadilishe, sukari ya baba inapanda hadi 14, nami nina hofu. Naomba tujaribu kwa wiki mbili, tuandike, halafu wewe uamue." Zungumzeni na daktari kuhusu dozi kabla hamjaanza, kisha daftari lishikwe na yeye: kipimo kabla ya kula, kipimo baada ya muda wa saa mbili, na tunda gani lililoliwa, likiwa peke yake au baada ya chakula. Kwa wagonjwa wengi madaktari hupenda kipimo hicho cha pili kisizidi 10, ingawa kwa mzee wanaweza kumwekea kiwango tofauti. Mtu anayempenda baba yake kiasi hicho, akiona namba zikishuka kwa mkono wake mwenyewe, hatahitaji kubishana nawe. Na kama zitabaki juu hata baada ya juisi kuondolewa alfajiri, msingoje tarehe ya kliniki. Mpelekeni mapema, na wifi ndiye alibebe hilo daftari.